Kifo cha Firmin Musumali Kwenye Uwanja wa Farasi

MAELEZO YA SHAHIDI

Yameandikwa katika kituo cha polisi, kusini mwa Johannesburg, Alhamisi tarehe 25 Septemba 2025
Jina: Murielle Mujinga Kapend
Umri: Miaka 43
Kazi: Fundi wa kushona nguo
Makazi: Rosettenville
Lugha: Kiswahili, kupitia mkalimani aliyeapishwa, Bi. Perpetua Mokgosi

Mimi niliyetajwa hapo juu natoa maelezo haya kwa hiari yangu mbele ya Sajenti Nomsa Mathunjwa. Nimeambiwa kwamba nikisema uongo naweza kushtakiwa. Nimeelewa.

Nilizaliwa Lubumbashi. Johannesburg nimekaa miaka kumi na sita. Kiingereza nakisikia na kukisema bila shida, kwa sababu wateja wangu wengi ni wa hapa. Lakini jambo hili nimeomba kulieleza kwa Kiswahili. Maneno ya siku ile yalisemwa kwa lugha mbili, na nataka kila neno likae mahali pake.

Marehemu Firmin Musumali alikuwa mtunza farasi katika mazizi ya Bi. Corlia Steenhof, kaskazini mwa mji. Mkewe, Héritière, ni rafiki yangu tangu tulipofika nchi hii, tulipokuwa tukilala chumba kimoja na pazia katikati. Wana binti mmoja, Shekinah, wa miaka tisa, aliyezaliwa hapa. Kiswahili anakielewa lakini hujibu kwa Kiingereza.

Pitchou Kapend, ambaye jina lake litatokea mara nyingi katika maelezo haya, ni mdogo wangu. Ni dereva wa lori la kubebea farasi katika mazizi hayohayo. Kazi hiyo alitafutiwa na Firmin. Firmin alimpeleka mwenyewe kwa Bi. Corlia na kumwambia, “Huyu ni ndugu yangu,” ingawa si ndugu yake.

Kwa miaka mingi tulimtania Firmin kwa sababu ya farasi wake. Alikuwa akirudi nyumbani ananuka jasho la farasi, na Héritière alimvulisha viatu nje ya mlango. Hakukasirika. Alisema siku moja tutakwenda tuone kazi yake, ndipo tutanyamaza. Mwaka huu farasi jike aitwaye Willow, aliyemlea tangu akiwa mdogo wa kunyonya, alichaguliwa kwenda mashindano makubwa ya siku tatu katika uwanja wa Kwaggasdal. Mpandaji alikuwa Anneke, binti wa Bi. Corlia. Bi. Corlia alimpa Firmin pasi za kuingia kwa ajili ya familia na marafiki. Firmin alizileta nyumbani akaziweka juu ya friji kama picha ya harusi.

Leo hii upande wa Bi. Corlia unasema kwamba, kwa kuwa alikuwa na pasi za wageni, alikuja kutembea. Hakuja kutembea. Alikuwa huko tangu Alhamisi, akilala ndani ya lori pamoja na matandiko ya farasi.

Mnamo Jumamosi tarehe 13 Septemba, asubuhi, tuliondoka Rosettenville kwa gari la rafiki yetu Brigitte. Brigitte ana saluni Marshalltown na Jumamosi huwa hafungi hata akiwa mgonjwa, lakini siku hiyo alifunga. Tulikuwa wanne: Brigitte, Héritière, Shekinah na mimi. Nilikuwa nimewashonea wote kitenge kimoja, cha bluu, na kofia ya kitambaa hichohicho kwa ajili ya Héritière, kwa sababu Firmin alisema wanawake wa huko huvaa kofia. Tulibeba bukari, yaani ugali wetu, sombe ya majani ya muhogo, samaki wa kukaanga na chupa ya chai.

Tulicheka njia nzima. Nasema hili ili ieleweke kwamba hatukwenda kutafuta ugomvi na mtu. Nilikuwa sijapumzika tangu Krismasi.

Uwanja ule ni mkubwa kuliko nilivyofikiri. Nyasi zilikuwa kavu bado, na upepo ulipeperusha vumbi jekundu juu ya magari. Watu walikuwa wamefungua migongo ya magari yao na kupanga viti, meza na mvinyo. Mbwa walikuwa wengi. Wengine walituangalia, wengine walitusalimia. Mama mmoja mzee alimsifu Héritière kofia yake na kumwuliza aliinunua wapi. Héritière hajui Kiingereza zaidi ya salamu, kwa hiyo mimi ndiye niliyejibu. Héritière alifurahi sana. Alinishika mkono akaniambia, “Murielle, leo tumekuwa watu.”

Firmin alitupokea kwenye mazizi. Alivaa fulana ya kijani ya kazini, yenye jina la mazizi kifuani, na kofia ya kawaida ya jua. Alituonyesha Willow. Shekinah aliruhusiwa kumshika pua. Firmin alitueleza jinsi mashindano yanavyokwenda: siku ya kwanza farasi huonyesha adabu uwanjani, kama anacheza dansi polepole, siku ya pili hukimbia porini na kuruka magogo, mitaro na maji, siku ya tatu huruka viunzi uwanjani. Alisema siku ya pili ndiyo inayomkosesha usingizi. Sijawahi kumsikia Firmin akizungumza muda mrefu vile. Nyumbani alikuwa mtu wa maneno machache.

Tulikaa karibu na kizuizi cha maji, juu kidogo ya mteremko, nyuma ya kamba inayotenganisha watazamaji na njia ya farasi. Pitchou alitukuta hapo baada ya kuegesha lori. Alikula nasi. Alisema sombe ya Héritière inashinda ya mama yetu, na nikamwambia nitampigia mama simu nimshtaki.

Yapata saa nane mchana Firmin aliteremka pamoja na Bi. Corlia kuja kumwona Willow akipita majini. Baada ya hapo Firmin alitakiwa kukimbilia mwisho wa njia kumpokea farasi, kumpoza kwa maji na kumfunika blanketi. Alibeba kamba na ndoo. Alisimama upande wetu wa kamba, hatua chache kutoka tulipokaa. Bi. Corlia alisimama mbele yake kidogo. Aliyesema kwamba Firmin alikuwa ameruhusiwa kupumzika tangu saa sita anieleze ndoo ile ilikuwa ya nini.

Brigitte alikuwa amekwenda kupanga foleni ya choo. Kwa hiyo waliokuwapo mahali pale ni Héritière, Shekinah, Pitchou na mimi.

Anneke alikuja kwa kasi. Willow aliruka gogo la kwanza vizuri, akatua majini, kisha akajikwaa. Alipiga magoti. Anneke alitupwa mbele, na koti lake la kinga likajaa hewa kama boya. Watu walipiga kelele. Msichana alikaa kitako ndani ya maji, akainua mkono kuonyesha kwamba yuko salama. Farasi alisimama bila mpandaji, hatamu zikining'inia, akapanda mteremko kuelekea upande wetu.

Bi. Corlia alipiga kelele kwa Kiingereza. Alisema, “Firmin! Mkamate!”

Firmin aliangusha ndoo, akapita chini ya kamba, akaingia njiani. Alisimama mbele ya farasi na mikono yake akiwa ameifungua. Alikuwa akimsemesha. Sikusikia alisema nini. Willow alipunguza kasi, na Firmin akashika hatamu.

Hapo kipaza sauti kikalia juu ya mti, kikitangaza kwamba njia imefungwa. Farasi alishtuka. Alisimama kwa miguu ya nyuma. Firmin alivutwa juu, akarudi chini, akavutwa tena. Niliona anataka kuachia. Mkono mmoja alikuwa ameshauondoa.

Bi. Corlia alipiga kelele tena. Alisema, “Usimwachie! Firmin, usithubutu kumwachia!”

Nilisikia maneno hayo kwa masikio yangu. Alikuwa karibu nami kuliko Sajenti alivyo karibu na mlango huu.

Héritière alikuwa amesimama. Alimshika Pitchou bega akamwuliza kwa Kiswahili, “Anasema nini? Huyo mama anasema nini?”

Pitchou alimjibu, “Anamuambia asimuachilie.”

Héritière akapiga kelele, “Firmin, achilia! Achilia!” Sijui kama Firmin alimsikia. Alirudisha ule mkono wa pili kwenye hatamu.

Farasi alisimama mara ya tatu, akapoteza miguu, akaanguka upande. Firmin alikuwa chini yake. Farasi alipojiinua alimkanyaga kifuani. Kisha akasimama palepale, akitetemeka, mguu mmoja wa mbele ameuinua.

Nilifika kwa Firmin pamoja na Héritière. Alikuwa macho. Hatamu zilikuwa bado zimezungushwa kwenye kiganja chake, na Pitchou ndiye aliyemfungua vidole. Damu haikuonekana nje. Firmin alimwambia mkewe, “Mpeleke mtoto. Asione.” Ni hayo tu aliyosema. Héritière hakuondoka, na mimi sikuweza kumwacha, kwa hiyo mtoto aliona.

Gari la daktari wa wanyama lilifika kwanza. Watu wawili walishuka na mapazia ya kijani, wakamzungushia farasi ili watazamaji wasimwone akiteseka. Bi. Corlia alikuwa ndani ya pazia, amepiga magoti, anapapasa mguu wa farasi. Alikuwa akilia. Wahudumu wa wagonjwa walikuwa kule chini majini, wakimpima Anneke macho kwa tochi. Nilikimbia kuwaita. Mmoja aliniuliza kama kuna mpandaji mwingine aliyeanguka. Nikamwambia kuna mtu. Alikuja mbio, na alipomwona Firmin akaita wenzake kwa redio. Yule kijana alifanya kazi yake vizuri na sina lawama naye. Sisemi kwamba kuna mtu aliyepanga farasi atangulie. Nasema nilichokiona. Firmin alilala juani, nje ya pazia.

Anneke naye alipanda kutoka majini, amelowa, akamshika Firmin mkono mpaka walipomwingiza ndani ya gari la wagonjwa. Alimwambia mama yake kitu kwa lugha yao, kwa hasira. Sikukielewa, kwa hiyo sikisemi.

Firmin alipelekwa hospitali. Jioni walituambia mbavu zimetoboa mapafu na kuna damu ndani. Hakuamka tena.

Jumapili tarehe 14 Septemba, Héritière alibaki hospitali. Mimi na Brigitte tulirudi Kwaggasdal kuchukua begi la Firmin lililokuwa ndani ya lori. Tulivaa nguo za kawaida. Mashindano yalikuwa yanaendelea. Viti, mvinyo na mbwa vilikuwa palepale. Tulipokuwa tukipita karibu na uwanja wa viunzi, mtangazaji alisema kwa kipaza sauti kwamba watu wengi wameuliza habari za Willow, na kwamba anafurahi kuwajulisha kuwa hakuvunjika mguu, ameumia mshipa tu, na anakula vizuri. Watu wote walipiga makofi. Wengine walisimama.

Tulingoja aseme jina la Firmin. Alisema chakula cha mchana kiko tayari.

Brigitte alilia ndani ya gari. Mimi sikulia. Nilikuwa nimebeba begi mapajani, na lilinuka ile harufu tuliyokuwa tukimtania.

Firmin alifariki Jumatatu tarehe 15 Septemba, asubuhi. Tulimzika Johannesburg Jumamosi tarehe 20, kwa sababu hatukuweza kumpeleka kwao Likasi. Bi. Corlia alituma shada kubwa la maua meupe. Hakuja. Anneke alikuja, akasimama nyuma peke yake, akaondoka kabla ya wimbo wa mwisho. Pitchou alibeba jeneza, upande wa mbele kulia.

Siku mbili kabla ya maziko, mwanasheria wa Bi. Corlia alimwita Héritière. Nilimsindikiza kumtafsiria. Alikuwa mpole. Alitupa pole na maji ya kunywa. Alieleza kwamba siku ya ajali marehemu hakuwa kazini, kwamba aliingia njiani bila kuagizwa na mtu, na kwamba pengine ndiye aliyemtisha farasi. Héritière aliniambia nimwambie kuwa mumewe aliagizwa. Mwanasheria aliuliza, “Mama anaelewa Kiingereza?” Nikasema hapana. Akasema, “Basi mama hawezi kujua kilichosemwa.” Kisha akasema yupo mfanyakazi aliyekuwa palepale, anayeelewa lugha zote mbili, ambaye ameshathibitisha kwamba hakusikia agizo lolote. Hakumtaja jina. Hakukuwa na haja. Mimi nilimwambia kwamba nilikuwapo na nilisikia. Aliandika jina langu, akaniuliza uhusiano wangu na mjane, na niliposema rafiki akaweka kalamu chini.

Nilimtafsiria Héritière yote. Nililisema na hilo la mfanyakazi. Héritière aliniangalia muda mrefu. Nje, kwenye ngazi, aliniambia, “Mimi nilisikia kwa mdomo wa Pitchou. Sasa yeye atasema niliota?” 

Jioni ya siku ya maziko, Pitchou alikuja dukani kwangu, bado amevaa suti. Nilimpa kiti. Nitaeleza tuliyoongea kama yalivyo.

Aliniuliza, akitumia neno letu la dada mkubwa, “Yaya, unaenda polisi?”

Nikamwambia, “Ninaenda.”

“Mi sikusikia kitu, yaya. Kulikuwa makelele mingi.”

“Ulisikia. Ulimtafsiria Héritière. Nilikuwa pale.”

 Alishika kitambaa kilichokuwa mezani, akakikunja, akakikunjua. Kisha akasema, “Eish, yaya. Permi yangu ya kazi inaisha mwezi wa kumi na moja. Madamu ndiye anaandika barua. Asipoandika, mi ni mutu wa kurudishwa. Niko na batoto batatu.”

“Na Firmin alikuwa na mtoto.”

“Firmin amekufa. Mi nikisema, ataamuka?”

Nikamwambia wanasema Firmin alijiua kwa ujinga wake, na kwamba Shekinah atakua akisikia hivyo. Akajibu kwamba Shekinah ni mtoto, hakuna atakayemwuliza. Nikamwambia, “Shekinah alisikia Kiingereza kile vizuri kuliko wewe na mimi.”

Hapo mdogo wangu alifunika uso kwa mikono miwili. Nilidhani atasema neno lingine. Alikaa hivyo mpaka taa za barabarani zikawaka, halafu akasimama akasema, “Usitaje jina yangu basi. Sema tu ulisikia weye.”

Nimelifikiria ombi hilo siku tano. Ningependa kulitimiza. Lakini nikisema nilisikia mimi peke yangu, mimi ni rafiki wa mjane, na yule mwanasheria ameshaweka kalamu chini. Neno la Pitchou siku ile lilitoka kabla hajafikiria permi, kabla hajafikiria mtu yeyote. Aliulizwa swali na mke wa rafiki yake, akajibu ukweli. Hilo ndilo ninaloliweka hapa.

Shekinah alisikia pia, na anaweza kulisema agizo lile neno kwa neno kwa sauti ya Bi. Corlia. Amelisema mara moja nyumbani, mezani, na mama yake hakuelewa, akamwambia ale. Mimi nilielewa. Naomba mtoto huyo asiletwe hapa wala mahakamani. Nimekuja mimi ili asije yeye.

Jumapili mama yetu alinipigia simu kutoka Lubumbashi. Pitchou alikuwa amemweleza. Mama aliniuliza Firmin alikuwa nani kwangu. Nilimweleza. Akasema, “Huyo umemzika. Wangu angali hai, usinizikie.” Akakata. Nimempigia kila siku tangu hapo. Hapokei.

Nimeulizwa na Sajenti kama nina chuki na Bi. Corlia Steenhof. Nimejibu kwamba simfahamu. Kabla ya siku ile alikuwa kwangu jina tu, jina ambalo Firmin alilitaja kwa heshima. Nimeulizwa kama nina chuki na Pitchou. Nimeomba swali hilo liandikwe bila jibu.

Niliyoyaona na kuyasikia ni hayo, na sina la kuongeza. Nimesomewa yote kwa Kiswahili na ni sawa.

Sahihi ya shahidi: M. M. Kapend

MAELEZO YA AFISA

Maelezo haya yamechukuliwa na mimi, Sajenti Nomsa Mathunjwa, kupitia mkalimani, na shahidi ameyasaini mbele yangu. Maneno yanayodaiwa kusemwa na Pitchou Kapend yameandikwa kama shahidi alivyoyatamka, bila kusahihishwa.

Shahidi amejulishwa kwamba nakala itapelekwa kwa pande zote, akiwemo Pitchou Kapend, ambaye ataitwa kuhojiwa upya. Wakati wa kusomewa, nilimshauri kwamba si lazima kutaja undugu wao kila mahali, na kwamba mkalimani anaweza kuandika “dereva wa lori” pale panaposomeka “mdogo wangu”.  Shahidi alisema yaachwe yote kama yalivyo, kwa sababu yeye hamjui dereva wa lori, anamjua mdogo wake.